Kijiko Kimoja Kikubwa cha Chuma

Mtambo ule uliingia Tunduma siku ya Jumatatu, ukiwa vipande saba juu ya matrela saba, na kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa umeshauona, umeshaupiga picha na umeshaujadili kama ndugu aliyerudi kutoka Ulaya. Ulikuwa safarini kwenda kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, kule ambako mlima huchotwa mpaka ukawa shimo. Wataalamu huuita eskaveta. Lakini Tunduma, kama kwingine nchini, chochote chenye injini kinachochota udongo huitwa kijiko, na hiki kilikuwa kijiko cha kulishia majitu. Bakuli lake peke yake lilijaza trela zima. Siku ya kwanza mbuzi watatu walijificha mvua ndani yake. Siku ya pili kwaya moja ya kitongoji cha Mpemba iliingia humo kufanya mazoezi, ikatoka imeridhika, maana kwa mara ya kwanza tangu iundwe sauti ya nne ilisikika.

Kibali cha kuvuka mpaka kilikuwa bado, kwa hiyo matrela yaliegeshwa uwanjani Mpemba, kando ya barabara kuu, yakisubiri. Watu wote walikuwa wakikitazama kijiko. Injinia Lusubilo alikuwa akiwatazama watu.

Huyu Lusubilo tumweleze mapema, tusije tukalaumiwa. Jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni tumaini, na wengi walilitumainia wakajuta. Uinjinia alijitunuku mwenyewe siku aliponunua kofia ngumu ya njano na riflekta ya kung'aa pale sokoni. Alikuwa na sauti laini, meno safi, na kanuni moja aliyoishika kuliko waumini wengi wanavyozishika zile kumi: hakuwahi kuandika uongo. Kusema, aliusema asubuhi, mchana na jioni. Lakini kuandika, abadani. "Maneno ya mdomo yanapeperuka," alipenda kuwaambia wenzake, "ila karatasi inakusubiri mahakamani." Aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja simu mpya, na kwenye karatasi akaandika "simu isiyohitaji chaji kabisa." Ilikuwa ya kuchezea watoto. Mwalimu alipokwenda kushtaki aliambiwa arudi nyumbani akasome vizuri.

Basi siku hiyo ya Jumatano Lusubilo aliegemea tairi la trela akitafuta mdomo uliofunguka kuliko yote. Aliuona. Ulikuwa wa mzee wa miaka sitini na kitu, koti la suti juu, gambuti chini, galoni mkononi. Mzee yule alisimama chini ya bakuli la kijiko tangu saa nne hadi saa saba, na katika muda wote huo alihama mara moja tu, kumpisha mbuzi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Hivi hiki kitu kinakula nini?"

"Dizeli, mzee. Na milima."

Mzee alimeza mate. "Mlima ninao," alisema.

Aliitwa Anania, mkulima wa kahawa wa Itaka, na mlima wenyewe ulikuwa kilima nyuma ya nyumba yake. Miaka kumi na minne iliyopita mtaalamu wa miamba alipita hapo, akagonga jiwe kwa nyundo, akasema "mmh", akaenda zake. Hakurudi tena. Lakini "mmh" ile ilibaki Itaka. Mzee Anania alilala nayo, akaamka nayo, akazeeka nayo. Mtu hawezi kusema "mmh" bure, aliamini. Chini ya kilima kile kulikuwa na dhahabu, kilichokosekana ni kijiko.

Lusubilo aliisikiliza hadithi hiyo akiwa amevua kofia, kwa heshima.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, akiangaza kushoto na kulia, "Mungu ana makusudi yake. Huu mtambo mimi ndiye msimamizi wake. Na nikuambie siri, huu umezidi."

"Umezidi vipi?"

"Kule mgodini waliagiza mmoja. Karani akaandika moja, akaikunja karatasi kabla wino haujakauka. Ile moja ikajichapa pembeni, ikasomeka kumi na moja. Ikaletwa kumi na moja! Mmoja wameuchukua, tisa tumerudisha bandarini, na huu umebaki kunitesa mimi. Nalipia uwanja, nalipia mlinzi. Nikipata mtu wa kunitoa nao, mimi hata bei sijali."

"Hujali kiasi gani?" aliuliza Mzee Anania, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Wewe unalima nini?"

"Kahawa."

"Basi nipe kahawa. Magunia ishirini, yaishe."

Magunia ishirini ndiyo yalikuwa mavuno yake yote ya mwaka, yamekaushwa, yamechambuliwa, yamepangwa stoo yakisubiri mnada. Lakini mtambo wa mabilioni kwa magunia ishirini! Mzee Anania aliona haya kidogo kumwibia kijana wa watu mchana kweupe. Kisha haya zikaisha. Alimshika Lusubilo mkono, akamwambia asimuuzie mtu mwingine, akaondoka mbio akiacha galoni yake chini ya trela.

Lusubilo hakupoteza muda. Alasiri hiyo hiyo alikwenda kwa mafundi wa kugonga vyuma nyuma ya soko akanunua upawa. Haukuwa upawa wa nyumbani huu. Ulikuwa ule wa sherehe, wa kupakulia mchuzi kwenye sufuria la watu mia tatu, mpini wake urefu wa mkono wa mtu mzima, chuma kitupu. Kijiko kimoja, kikubwa, cha chuma. Mtu akienda mahakamani, akasome vizuri.

Kesho yake Mzee Anania alirudi na mkewe. Mama huyu jina lake Gwantwa, mzaliwa wa Itumba kule Ileje, lakini kwa mumewe Itaka walimwita Mama Tukuswiga, kwa jina la binti yao mkubwa. Tukuswiga alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na kahawa ile ya stoo ndiyo iliyokuwa ada yake. Usiku uliopita mama alikuwa amemkumbusha mumewe jambo hilo kwa upole, kisha bila upole. Mzee alijibu kwamba kijiko kikishaanza kazi Tukuswiga atasomea Ulaya, na hospitali atajengewa.

Gwantwa alikizunguka kijiko mara moja, mkoba wa ukindu begani.

"Mama, karibu sana," alisema Lusubilo. "Uliza lolote. Dereva wake yule pale, Bwana Mulenga, fundi aliyebobea. Ila hajui Kiswahili, ni Mzambia. Nitawatafsiria."

Bwana Mulenga alikuwa amekaa kivulini mwa trela, amechoka, amenyong'onyea, soksi zake zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Hakuwa anamjua Lusubilo hata kwa sura.

"Muulize," alisema Mzee Anania, "kwa siku kinachimba kiasi gani?"

Lusubilo alimgeukia dereva akamsalimu kwa maneno mawili ya Kibemba aliyoyajua. Bwana Mulenga alipumua kwa nguvu. "Ndi ne nsala, mukwai," alisema, akishika tumbo. "Nalinaka."

"Anasema kwa siku kinamaliza kilima kizima na cha jirani," alitafsiri Lusubilo. "Anashika tumbo kuonyesha ukubwa wa shimo."

"Aisee! Na kitakuja kwangu lini?" aliuliza mzee, akiupigapiga mtambo kama ng'ombe wake.

Dereva akasonya, akaunyooshea mtambo kidole, kisha akatikisa kichwa na mikono yote miwili. "Awe! Ici te candi!"

"Anasema kuanzia leo si chake tena, ni chako mzee."

Mzee Anania aliinua mikono juu. Gwantwa naye aliingiza mkono mkobani, akatoa kifurushi cha viazi vya kuchemsha na kipande cha samaki, chakula chao cha safari, akampa dereva kwa mikono miwili. Bwana Mulenga alipiga makofi ya shukrani mpaka soksi zikadondoka. Lusubilo alitabasamu. Alipenda kufanya kazi na watu wenye moyo mwema, maana hawasumbui.

"Injinia," alisema Gwantwa, "tuandikishane."

Hilo neno lilimwingia Lusubilo kama asali. Kwa kawaida ilibidi yeye ndiye awabembeleze watu kwenye karatasi. Aliweka daftari juu ya tairi, akajaribu kalamu, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza huku akisoma kwa sauti: "Mimi Lusubilo nimemuuzia Mzee Anania wa Itaka kijiko kimoja kikubwa cha chuma, kipya, kisichokula mafuta mengi..."

"Hapo hapo!" alisema Mzee Anania. "Kisichokula mafuta mengi. Endelea. Kwa kahawa magunia ishirini."

"...kwa kahawa magunia..."

"Samahani, Injinia," alikatiza Gwantwa. "Kahawa magunia, magunia kahawa, ndiyo maandishi gani hayo? Andika 'magunia ishirini ya kahawa'. Mtu msomi kama wewe usiandike kama mpiga debe."

Lusubilo alimtazama kwa huruma. Kila kijiji kina mama wa namna hii, aliyewahi kuwa katibu wa kwaya, na maisha yake yote anasahihisha barua za wenzake. Akakata, akaandika: magunia ishirini ya kahawa. Mzee akatia dole gumba, mama akasaini kama shahidi, kila upande ukachukua nakala yake. Makabidhiano yakapangwa Jumamosi asubuhi, Itaka, mkono kwa mkono.

Jumamosi Lusubilo alipanda Fuso ya Eliakim, dereva mnene asiyependa mazungumzo, waliyekubaliana naye kwamba ujira wake utakuwa magunia mawili katika yale ishirini. Upawa ulikuwa nyuma, umeviringishwa kwenye turubai. Njia nzima Lusubilo alikuwa akiimba. Mnunuzi wa kahawa ile alikwisha kumpata ng'ambo, na moyoni alikwisha kuitumia.

Itaka walikuta mkutano. Mzee Anania alikuwa hajanyamaza tangu Alhamisi, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimejaa uani, wengine wamebeba viti vyao. Uzio ulikuwa umeng'olewa kupanua njia. Banda la kuku lilikuwa limebomolewa ili kijiko kipate pa kugeuzia, na kuku wenyewe walikuwa wamekaa juu ya paa la choo, wamenuna. Mzee alivaa suti, safari hii na viatu.

"Kiko wapi?" aliuliza, akichungulia nyuma ya Fuso kana kwamba mamia ya tani yanaweza kujificha huko. "Kinakuja nyuma?"

"Kipo, mzee. Tupakie kwanza mzigo."

"Mkono kwa mkono, Injinia," alisema Gwantwa kutoka mlangoni mwa stoo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo kwenye mlango, funguo kiunoni. "Toa kijiko."

Basi Lusubilo akashusha turubai. Alikuwa amewahi kuifanya kazi hii mara nyingi na alijua ladha yake ilikuwa hapa hapa, katika dakika hii moja. Alikohoa. Alieleza kwamba makubaliano ni kitu kitakatifu, kwamba nchi hii inaongozwa kwa maandishi wala si kwa maneno ya barabarani. Kisha akafunua turubai na kuinua upawa juu, ukametameta kwenye jua la asubuhi.

"Kijiko," alisema. "Kimoja. Kikubwa. Cha chuma. Kipya. Na mafuta, mzee, kinakula yale tu yanayoelea juu ya mchuzi."

Uani waliokuja na viti walivipanda wapate kuona. Mzee Anania aliutazama upawa. Alimtazama Lusubilo. Alitazama uzio wake uliolala chini. Kwa kweli ungemwona ungemhurumia, maana miaka kumi na minne ilikuwa ikimtoka usoni mbele za majirani. "Na ufunguo wake?" alinong'ona, kama mtu anayeomba angalau kitu kimoja kiwe kweli.

"Hakitumii ufunguo," alisema Lusubilo.

Gwantwa aliinuka. Aliuchukua upawa, akaupima uzito, akaugonga kwenye jiwe ukalia vizuri. "Kizuri," alisema. "Kizito, hakina tundu. Akina mama wa kanisa tulikuwa tunakihangaikia kwa ajili ya sherehe ya mavuno. Asante, Injinia. Na wewe chukua chako."

Akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, akampa. Lusubilo alilipokea bila kufikiri. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa la magunia. Yamekunjwa, yamepigwa mihuri ya chama cha msingi cha ushirika, yananukia kahawa, na ndani yake hakuna kitu.

"Hesabu," alisema Gwantwa. "Ni ishirini."

"Mama, hapana. Hapana! Yako wapi magunia ya kahawa?"

"Si hayo umeshika? Hayo si ya mahindi."

"Mama Tukuswiga, kila mtu anajua ukisema gunia la kahawa—"

"Na kila mtu anajua mtu akikuonyesha mtambo akakuambia kijiko. Mzee wangu alitamka 'kahawa magunia ishirini'. Hiyo ingekuwa kahawa. Mimi nikakuambia andika magunia ishirini ya kahawa, ukaandika kwa mkono wako, na mwandiko mzuri kabisa. Toa karatasi tusome."

Hakuitoa. Alikuwa anaijua kwa moyo. Uani kilianza kicheko kimoja nyuma karibu na kisima, kikasogea mbele kiti kwa kiti, mpaka hata mzee mmoja asiyesikia vizuri akacheka kwa kuona wenzake.

"Ulijuaje?" aliuliza Lusubilo, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini.

"Miaka tisa nimeuza maharage soko la Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kibemba nakisikia kuliko wewe. Yule baba wa watu alisema ana njaa na amechoka, na mtambo si wake. Alisema hayo tu."

Mzee Anania alimgeukia mkewe. "Ulijua tangu Alhamisi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie? Mwaka jana nilikuambia usinunue kile kipima dhahabu. Ukanunua, na betri za akiba ukaongeza. Kilikuwa nini?"

"Kengele ya baiskeli," alisema mzee, akiangalia viatu vyake.

"Mume wangu, wewe ukikatazwa unanunua mara mbili. Nikaona bora ununue mara moja, nikiwepo." Kisha akalainika, akamshika mkono wa koti. "Kahawa ya mtoto ipo stoo yote. Twende tukasimamishe uzio."

Mzee Anania alitaka kukasirika lakini furaha ilimzidi. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena, akaenda kuwaita kuku washuke. Tukuswiga alikwenda chuo mwezi uliofuata, na hilo ndilo lililokuwa na maana.

Kwenye Fuso mambo hayakuwa na furaha. Lusubilo alifungua furushi, akatoa magunia mawili, akampa Eliakim bila kumtazama. Eliakim aliyageuza, akachungulia ndani, akayatia chini ya kiti. Akawasha gari. Wakaenda mpaka kwenye kizuizi cha mazao, karibu na lami, ambako kila gari hukaguliwa, kwa kuwa kahawa haisafirishwi kiholela pasipo kibali.

Afisa wa kizuizi, kijana mwembamba mwenye daftari, aligonga mlango. "Mmebeba nini?"

"Muulize mwenye mzigo," alisema Eliakim. "Mimi nilishapewa mawili yangu."

"Mawili nini?"

"Magunia ya kahawa."

Afisa alizunguka upande wa pili. Lusubilo alikuwa amechoka. Alikuwa amesimama masaa mawili akichekwa na kijiji, na uongo, ambao siku zote ulimjia wenyewe, leo hii haukuja. Aliamua kusema kweli.

"Yamebaki kumi na nane, mkuu. Ni matupu."

Afisa alipanda, akayakung'uta. Punje tatu za kahawa zilidondoka kutoka kwenye mshono, zikaviringika mpaka kwenye buti lake. Aliziokota moja moja, akazitia kwenye bahasha. "Kahawa yenyewe mmekwisha kuipeleka wapi? Nakonde?"

"Haikuwemo, mkuu. Naapa. Tangu mwanzo haikuwemo."

"Mtu anakodi Fuso, anatoka Tunduma mpaka Itaka, anarudi na magunia matupu. Una karatasi yoyote?"

Hapo Lusubilo akapata nguvu. Karatasi! Karatasi haijawahi kumtupa. Alitoa nakala yake mfukoni, akainyoosha, akamkabidhi kwa mikono miwili. Afisa alisoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma mara ya pili. Kisha akamwita mkuu wake kibandani.

"Bosi, njoo. Huyu ameuza kijiko kwa magunia ishirini ya kahawa, na hana kibali. Ameandika mwenyewe, akasaini mwenyewe."

Mkuu alikuja akijifuta mdomo, alikuwa anakula. Aliipokea karatasi. "Kijiko," alisema. "Ni kile cha Mpemba? Kile cha mgodi? Umeuza kile?"

"Hapana, mkuu. Ni upawa."

"Upawa gani?"

"Wa mchuzi, mkuu. Wa kanisani."

Maafisa wawili walitazamana.

"Umeuza upawa wa mchuzi," alisema mkuu taratibu, "ukalipwa magunia ishirini ya kahawa, yasiyo na kahawa."

"Ndiyo, mkuu. Ndivyo ilivyokuwa. Kila neno."

Mkuu alivuta kiti cha plastiki, akakipangusa, akamwekea Lusubilo. Yeye mwenyewe akaketi juu ya ngazi ya Fuso na kukunja miguu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Kaa, kijana," alisema. "Anza upya, tangu mwanzo. Na safari hii useme ukweli."